Barua ya wazi kutoka kwa ndugu wa kitanda namba saba

Kwa:
Mkurugenzi wa Hospitali,
Muuguzi Mkuu,
Wajumbe wa Bodi ya Hospitali.

YAH: KUKABIDHI MAJERUHI KWA FAMILIA ZISIZOFUNDISHWA KUUGUZA

Ndugu Mkurugenzi,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Nakuita Ndugu kwa sababu ndivyo barua za heshima zinavyoanza. Ninyi nanyi mliniita ndugu kwa wiki kumi na moja, ila sababu yenu ilikuwa nyingine: hakuna aliyewahi kuniuliza jina. "Ndugu wa kitanda namba saba yuko wapi?" Nikisikia hivyo najua kuna shuka la kubadilisha, karatasi ya kusaini, au mgonjwa wa kushikwa ili asafishwe. Niliitika kila mara. Hata leo ninapoandika barua hii bado naitika, ila wodi imehamia nyumbani.

Mgonjwa ni mdogo wangu. Alianguka kutoka juu ya paa alilokuwa akiliezeka, ikavunjika pingili ya nne ya kifua, na uti wa mgongo ukaumia papo hapo. Kuanzia kifuani kushuka chini hana hisia wala hawezi kujisogeza. Madaktari wenu walimpasua, wakaunganisha mfupa kwa vyuma, na kazi yao ilikuwa nzuri. Nalitanguliza hilo ili isidhaniwe nimekuja kuwarushia mawe watu waliomwokoa ndugu yangu. Malalamiko yangu yanaanzia pale kazi yao ilipoishia.

Sikukimbilia hadharani. Niliandika barua ya kwanza, ikapigwa muhuri wa kupokelewa. Nikaandika ya pili, nikajibiwa kwa sentensi moja kwamba malalamiko yangu "yanafanyiwa kazi". Nilikwenda ofisini mara mbili. Mara ya kwanza mhusika alikuwa kikaoni, mara ya pili alikuwa amesafiri. Nilitumbukiza karatasi pia kwenye sanduku la maoni lililo karibu na mapokezi, lile lenye kufuli lililoshika kutu. Imepita miezi minne. Kwa hiyo naomba niyaseme mbele ya watu.

1. Notisi ya saa nne.

Tuliambiwa saa nne asubuhi kwamba mgonjwa ameruhusiwa na kitanda kinahitajika ifikapo saa nane mchana. Nyumbani hapakuwa na godoro linalomfaa, kiti cha magurudumu kilikuwa hakipiti mlango wa chumba chake, na mimi nilikuwa nimeomba ruhusa kazini ya siku hiyo moja tu. Mafunzo ya kumhudumia yalichukua kama dakika kumi. Muuguzi alitueleza habari za mpira wa mkojo huku akifungua dripu ya mgonjwa wa pembeni, tena akiwa anaitwa na wa tatu. Simlaumu. Zamu ile alikuwa na wodi nzima na msaidizi mmoja. Ila karatasi ya ruhusa tuliyopewa ilikuwa na majina ya dawa, tarehe ya kurudi kliniki, na sentensi moja kuhusu uangalizi: "Ndugu wameelekezwa huduma za nyumbani." Pembeni yake palikuwa na sahihi yangu. Ndiyo, nilisaini. Kiti cha kumtolea nje kilikuwa kimeshafika mlangoni.

2. Kidonda.

Tuliambiwa tumgeuze "mara kwa mara". Kwa mtu aliyezoea kulala usiku kucha, mara kwa mara ni asubuhi, mchana na jioni, na ndivyo tulivyofanya kwa uaminifu kabisa. Hakuna aliyetuambia kwamba kitandani hugeuzwa kila baada ya saa 2, usiku ukiwemo, na kwamba akiwa kwenye kiti anapaswa kujiinua au kuinamishwa kila baada ya dakika 15 hadi 30 ili damu ipite kwenye nyama alizozikalia. Tukamwekea mto wa duara wenye tundu katikati tukidhani tunamstarehesha. Kumbe mto wa namna ile hubana pembeni mwa tundu na kuzuia damu isifike kule tunakotaka kukusaidia. Ngozi ilipoanza kubadilika juu ya kifandugu, mama aliisugua kwa mafuta kila jioni. Hilo nalo ni kosa. Ngozi iliyokwisha kuumia kwa mgandamizo haisuguliwi.

Tungejuaje kwamba imeanza kuumia? Nimekuja kusoma baadaye: unabonyeza kwa kidole, ukiachia na wekundu haupotei, hapo pana tatizo. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huenda usiuone kabisa, kwa hiyo unatafuta joto, ugumu, au rangi iliyokolea kuliko pembeni. Ni maelezo ya dakika mbili. Sisi tuliyapata baada ya siku arobaini, kidonda kikiwa kimeshafika kwenye nyama, na harufu imeshatangulia kutuambia.

Elimu hii si ya jana. Mwaka 1944 daktari Ludwig Guttmann alianzisha kituo cha majeruhi wa uti wa mgongo katika hospitali ya Stoke Mandeville, Uingereza. Enzi hizo wengi walioumia hivyo walikufa mapema, na kilichowaua mara nyingi kilikuwa vidonda na maambukizi ya njia ya mkojo. Moja ya mambo aliyoyashikilia ni kuwageuza wagonjwa kila saa 2, usiku na mchana. Hapakuwa na mashine yoyote ya ajabu hapo, ni mikono ya watu na saa ya ukutani. Mikono tulikuwa nayo. Saa pia tunayo.

3. Usiku wa kichwa.

Hili ndilo linalonifanya niamke usiku hata ninapokuwa na nafasi ya kulala.

Wiki ya tatu nyumbani, usiku wa manane, mdogo wangu aliniita. Kichwa kilikuwa kinapasuka. Jasho lilimtiririka usoni na shingoni huku miguu yake ikiwa mikavu na ya baridi. Pua imeziba, macho yanaona ukungu. Tukasema ni homa. Tukampa vidonge viwili vya parasetamoli, tukamlaza chali vizuri, tukamfunika blanketi, tukakaa pembeni tukimwombea.

Kumlaza lilikuwa kosa kubwa. Mtu aliyeumia uti wa mgongo kwenye pingili ya sita ya kifua au juu yake anaweza kupandwa na presha ghafla, hadi kiwango cha kuleta kiharusi, kwa sababu ya kitu kidogo tu kinachoukera mwili chini ya jeraha. Mara nyingi ni kibofu kilichojaa, au choo kilichokaa muda mrefu. Hata kucha iliyoota kuingia nyamani inaweza. Yeye hasikii maumivu huko chini, ila mwili unasikia, na unalipuka kwa juu. Dawa ya kwanza haimo kwenye chupa. Unamkalisha wima, unalegeza nguo zinazobana, kisha unaufuata mpira wa mkojo tangu mwilini hadi kwenye mfuko uone kama umejikunja au umeziba. Presha isiposhuka upesi, hiyo ni dharura, anakimbizwa hospitali.

Sisi tuliokolewa na shuka. Mama alitaka kulibadilisha kwa sababu lilikuwa limelowa jasho, akaona mfuko una mkojo ule ule wa jioni. Mpira ulikuwa umejikunja chini ya paja. Alipounyoosha, mkojo ulitoka kama bomba lililofunguliwa, na baada ya dakika chache kijana akasema, "Kinaacha." Kichwa kiliacha. Mimi nilitoka nje nikakaa chini, kwa sababu magoti yalikuwa hayanishiki.

Wiki mbili baadaye, kliniki, daktari kijana alinisikiliza hadi mwisho, akaweka kalamu mezani na kuuliza, "Hawakuwaambia kabla hamjaondoka?" Swali hilo, Ndugu Mkurugenzi, nalileta kwako kama lilivyo.

4. Mama.

Mama ana miaka sitini na moja. Siku niliyorudi kazini alibaki na mdogo wangu peke yake. Kijana alitaka kukaa karibu na dirisha. Mama akapitisha mikono chini ya makwapa yake, akamnyanyua kifua kwa kifua kama alivyokuwa akimbeba utotoni. Breki moja ya kiti ilikuwa haijafungwa. Kiti kikateleza, wote wawili wakaenda chini, na mama akatanguliza mkono. Alivunjika mfupa juu kidogo ya kiganja.

Kuna ubao laini wa kumtelezeshea mgonjwa kutoka kitandani hadi kwenye kiti. Kuna mkanda mpana wa kumfunga kiunoni ili mwenye kumhamisha apate pa kushika. Kuna namna ya kukunja magoti ukauacha mgongo umenyooka. Mtaalamu wenu wa fiziotherapia anavijua vyote, nilimwona akivitumia wodini kwa ustadi, pazia likiwa limevutwa nasi ndugu tumeombwa tusubiri nje.

Nilipomfikisha mama hospitalini kwenu, muuguzi wa mapokezi aliuliza, "Ndugu wa mgonjwa ni nani?" Nikanyoosha mkono tena.

5. Anayeuguza.

Lugha yetu imeviweka karibu: kuugua na kuuguza vinatenganishwa na sauti moja tu. Sikuwahi kulifikiria hilo mpaka nilipoanza kulala saa mbili mbili, nikipanga usingizi kwa mlio wa simu wa kunikumbusha kugeuza. Nilipungua. Nilianza kusahau majina ya watu ninaofanya nao kazi. Usiku mmoja mdogo wangu aliomba maji mara ya tatu, nikamfokea maneno ambayo sitayaandika hapa, na yeye akaniomba radhi. Yeye, aliyevunjika mgongo, ndiye aliyeomba radhi.

Najua wapo watakaosema kuuguza ndugu ni wajibu, mbona analalamika. Sijakataa wajibu. Nasema unachosha, na uchovu huo una hesabu yake. Mwaka 1999 ulichapishwa Marekani utafiti wa Schulz na Beach uliowafuatilia wazee waliowauguza wenzi wao wa ndoa: wale walioelemewa na kazi hiyo walikuwa na hatari ya kufa iliyozidi kwa asilimia 63 ile ya wenzao wasiouguza, ndani ya miaka 4. Wataalamu wamekuwa na dodoso la kupima mzigo huu tangu mwaka 1980, lijulikanalo kwa jina la Zarit; toleo linalotumika sana lina maswali 22. Katika wiki kumi na moja za wodini na miezi ya kliniki iliyofuata, mimi sikuulizwa hata swali moja. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, walisema wahenga (na sisemi wodi yenu ina kunguni), lakini basi mngemuuliza aliyelala pembeni yake, sakafuni.

Najua mtakachojibu.

Mtasema wauguzi ni wachache. Ni wachache kweli, na kama kuna barua ya kudai waongezwe nitaisaini kwanza kabla yenu. Lakini mdogo wangu alirudishwa wodini kwa kidonda kile akalala siku ishirini na tatu. Alisafishwa na kufungwa bandeji kila siku, na wauguzi wale wale wachache. Mara ya pili alichukua kitanda ambacho mara ya kwanza mlikuwa na haraka nacho. Nusu saa ya kutufundisha kumgeuza ingewapunguzia kazi ya wiki tatu.

Mtasema familia zinaelekezwa ila zinasahau. Mtu aliyeambiwa jana kwamba ndugu yake hatatembea tena hasikii unachomweleza leo. Anatikisa kichwa tu. Ndiyo maana maelezo ya mdomo hayatoshi: muuguzi aonyeshe, kisha ndugu arudie kwa mikono yake na aseme kwa maneno yake, akikosea arudie tena. Fundi haruhusu mwanafunzi wake kushika msumeno kwa kumsimulia tu.

Mtasema siri ya mgonjwa. Hapa naomba mnisamehe, nitasema waziwazi. Siri hiyo haikutajwa siku nilipoambiwa nimsafishe choo. Haikutajwa niliposhika beseni wakati wa kumbadilisha mpira. Ilitajwa nilipouliza picha ya mgongo imeonyesha nini. Mdogo wangu ni mtu mzima mwenye akili timamu; muulizeni yeye nani aelezwe na aelezwe nini, muandike kwenye faili, suala limekwisha.

Mtasema hakuna kanuni inayowalazimisha. Huenda. Lakini jambo hili limeshawezekana kwingine. Huko Marekani, jimbo la Oklahoma mwaka 2014 lilipitisha sheria inayoitaka hospitali iandike jina la mtu atakayemhudumia mgonjwa nyumbani, imjulishe kabla mgonjwa hajaruhusiwa, na imwelekeze kazi atakazozifanya. Majimbo mengi yakafuata. Mwaka huo huo Uingereza ilitunga sheria inayompa anayeuguza ndugu yake haki ya kupimwa mahitaji yake mwenyewe, mbali na ya mgonjwa. Kuandika jina kwenye faili hakuhitaji kusubiri bunge. Kunahitaji mstari mmoja na kalamu.

Ninachoomba ni hiki:

(a) Siku mgonjwa mwenye jeraha kubwa anapolazwa, au akipata fahamu, aulizwe nani atamuuguza nyumbani, na jina la mtu huyo liandikwe kwenye faili pamoja na namba yake ya simu.

(b) Mtu huyo ajulishwe kuhusu kuruhusiwa kwa mgonjwa angalau siku mbili kabla, na aulizwe kama nyumbani kuko tayari. Akijibu hapana, jibu lake lisikilizwe, na afisa ustawi wa jamii aitwe.

(c) Afundishwe kwa vitendo, mgonjwa akiwa bado wodini: kugeuza, kuhamisha, kukagua ngozi, kutunza mpira wa mkojo, kutoa dawa. Fiziotherapia ifanyike ndugu akiwa ndani ya pazia, mgonjwa akiridhia. Sahihi kwenye karatasi ya ruhusa iwekwe baada ya ndugu kuonyesha kwamba anaweza, na muuguzi aliyemwona naye asaini.

(d) Itolewe karatasi moja, kwa lugha nyepesi, yenye dalili za hatari zinazohusu jeraha la mgonjwa huyo hasa, na namba ya simu inayopokelewa usiku. Ile tuliyopewa ililia hadi ikakata.

(e) Kliniki ya marudio, baada ya kumpima mgonjwa, mtu amgeukie aliyemsukuma na kumuuliza: wewe unalala? Kama hamna muda wa maswali 22, hilo moja linatosha kuanzia.

Sidai fidia. Sitaki pia muuguzi yeyote aitwe ofisini kwa sababu ya barua hii. Yule wa dripu alimletea mdogo wangu mto wake mwenyewe usiku mmoja, na nisingependa jambo hili limwangukie yeye. Kilichokosekana ni utaratibu, na utaratibu uko mikononi mwenu watatu niliowaandikia hapo juu.

Naomba jibu la maandishi ndani ya siku thelathini, likisema lipi kati ya haya matano litaanza lini, na lipi haliwezekani na kwa nini. Mwezi ujao mdogo wangu ana tarehe ya kliniki na mama anaondolewa plasta. Nimeomba wapangiwe siku moja, kwa kuwa wa kuwasukuma ni mmoja. Nitapita ofisini kwako siku hiyo. Safari hii nitasubiri hata kikao kiishe.

Wako,

Ndugu wa kitanda namba saba.

Nakala: Sanduku la maoni, ufunguo ukipatikana.